Jiwe Linaposhuhudia: Kutunza Maandishi ya Kale ya Nyumba za Ibada na Kutambua Umri Wake

1. Utangulizi

Katika usharika mmoja wa eneo letu la Hanang, ambao sina haja ya kuutaja, palikuwa na jiwe la msingi juu ya mlango wa kanisa. Jiwe hilo lilichongwa msalaba na mwaka. Kwa miaka mingi mvua ililipiga, na tarakimu ya mwisho ikafifia hata isisomeke vema. Kanisa lilipopigwa lipu upya, fundi aliombwa aifufue tarakimu hiyo kwa rangi nyeusi. Akaitazama, akaona inafanana na 8, akaandika 1958. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliosimama chini ya ngazi na kukubali. Mwaka 2008 tukafanya sikukuu ya jubilei ya miaka 50, kwa kwaya, ng'ombe na wageni wengi.

Baada ya sikukuu hiyo bibi mmoja mzee alinijia akasema kwa upole, "Mchungaji, mtoto wangu wa kwanza alibatizwa ndani ya kanisa hilo, naye alizaliwa kabla ya mwaka huo mlioutangaza." Tulifungua kitabu cha ubatizo. Kweli, majina ya waliobatizwa ndani ya jengo hilo yalianza mwaka 1955. Tarakimu iliyofifia haikuwa 8, bali 3. Jubilei yetu ilichelewa kwa miaka mitano. Hakuna aliyekusudia kudanganya, lakini tangu siku hiyo jiwe letu lilikuwa limefanywa shahidi wa uongo.

Makala hii imetokana na aibu hiyo. Inakusudia kueleza mambo mawili ambayo watumishi wa Kanisa hatufundishwi sana, yaani namna wataalamu wanavyotambua umri wa maandishi yaliyochongwa katika nyumba za ibada za kale, na namna ya kuyalinda maandishi hayo yasipotee au yasipotoshwe. Hapa Endasak hatuna hekalu la kale lenye maandishi. Hata hivyo, Pwani yetu, nchi jirani na nchi za Biblia zina mifano ambayo inatuhusu, nasi tunayo mawe yetu machache ambayo yamo mikononi mwetu wenyewe.

2. Kwa nini jambo hili limhusu mwanatheolojia?

Imani yetu ni imani ya mambo yaliyotukia mahali fulani na wakati fulani. Kwa sababu hiyo jiwe moja lenye tarehe laweza kumsaidia mfafanuzi wa Maandiko kuliko kurasa nyingi za kubahatisha.

Mfano ulio bora ni ule wa Delphi, katika nchi ya Uyunani. Katika hekalu la mungu Apolo palichongwa barua ya Kaisari Klaudio. Jiwe lilivunjika, na vipande vyake vikatambuliwa na wachimbaji wa Kifaransa. Vile vya kwanza vilitangazwa mwaka 1905. Ndani ya barua hiyo Kaisari anamtaja Galio kuwa liwali, na barua yenyewe inahesabiwa kwa mara ya 26 ambayo Klaudio alishangiliwa na majeshi kuwa mshindi. Maandishi mengine ya Rumi yanaonyesha kwamba ilipofika tarehe 1 Agosti mwaka 52 B.K., Klaudio alikwisha kushangiliwa mara ya 27. Basi barua ya Delphi haina budi kuwa ya kabla ya siku hiyo, na uliwali wa Galio katika Akaya unaangukia miaka ya 51 na 52.

Sasa tusome Matendo 18:11-17. Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, na Wayahudi walimshitaki mbele ya Galio. Kwa jiwe hilo moja la hekalu la kipagani tunapata nguzo ya kufungia kalenda yote ya safari za Paulo. Kutoka hapo tunahesabu kurudi nyuma hadi mkutano wa Yerusalemu, na kwenda mbele hadi kifungo chake. Kama waashi wa baadaye wangalivisaga vipande vile kuwa chokaa, kama ilivyofanywa kwa marumaru nyingi za kale, wanafunzi wetu wangaliandika "yapata" mahali pengi zaidi.

3. Njia za kutambua umri wa maandishi

Jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: umri wa jiwe si umri wa maandishi. Jiwe ni la tangu milima ilipoumbwa, bali maandishi ni ya siku mchongaji alipoinua nyundo. Kwa hiyo hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kupewa kipande cha mwamba na kujibu ni lini kilichongwa herufi. Wataalamu hutumia njia kadhaa kwa pamoja.

(a) Tarehe iliyoandikwa. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa cha Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyopambwa kwa majani na maua, yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe kandokando ya kibla. Maandishi hayo yanataja mwezi wa Mfunguo Pili, mwaka 500 wa Hijria. Mwaka wa Hijria hufuata mwezi mwandamo, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja hivi. Ili kuugeuza, tunazidisha hesabu ya Hijria kwa 0.97, kisha tunaongeza 622. Mara 500 tunapata 485, na jumla ni 1107. Hesabu hii ni ya makadirio na yaweza kukosea kwa mwaka mmoja, kwa hiyo mwezi nao hutazamwa. Mwaka 500 ulianza Septemba 1106, na Mfunguo Pili, ambao ni mwezi wa kumi na moja, ukaangukia katikati ya mwaka 1107. Hivyo maandishi hayo ni miongoni mwa yale ya kale kabisa yenye tarehe katika Pwani yote ya Afrika Mashariki.

(b) Umbo la herufi. Herufi hubadilika kama mavazi yanavyobadilika. S. Flury, aliyechapisha uchunguzi wake wa maandishi ya Kizimkazi mwaka 1922, alilinganisha mapambo yake na kazi za nchi nyingine za Kiislamu. Mfanano wake na maandishi ya makaburi ya Siraf, bandari ya kale ya Ghuba ya Uajemi, umeonyesha ni upande gani wa bahari sanaa ile ilikuwa na ndugu. Umbo la herufi peke yake halitoi mwaka, bali hutoa kipindi. Lakini pale tarehe iliyoandikwa na umbo la herufi vinapopatana, tunakuwa na mashahidi wawili, na Torati inatufundisha kwamba neno huthibitika kwa mashahidi wawili au watatu (Kum. 19:15).

(c) Mipaka ya kabla na baada. Maandishi mengine hayana tarehe yo yote. Mwaka 1871 lilipatikana Yerusalemu jiwe la Kiyunani lililowaonya watu wa mataifa wasivuke ukuta wa ndani wa Hekalu, na kipande cha jiwe la pili kikapatikana katika miaka ya 1930. Ni ukuta ule ule unaotufanya tuelewe ghasia za Matendo 21:27-29, pale Paulo aliposhitakiwa kumwingiza Trofimo wa Efeso. Jiwe halina mwaka. Lakini Herode alianza kulijenga upya Hekalu yapata mwaka 20 K.K., nalo likateketezwa mwaka 70 B.K. Jiwe halina budi kuwa kati ya mipaka hiyo miwili. Kitabu chetu cha ubatizo kilifanya kazi iyo hiyo. Hakikusema kanisa lilijengwa lini, lakini kilitujulisha kwamba lilikuwapo kabla ya siku fulani.

(d) Yaliyomo. Katika Aksum, Ethiopia, mfalme Ezana wa karne ya 4 aliacha maandishi kadhaa juu ya mawe. Katika yale ya mapema anajiita mwana wa Mahremu, mungu wa vita. Katika mengine ya Kigeezi anamtaja Bwana wa Mbingu, na katika jiwe la Kiyunani lililopatikana mwaka 1969 anakiri imani kwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Sarafu zake nazo zinabadilika, kwa maana alama ya mwezi mwandamo inaondoka na msalaba unaingia. Kisha kuna barua ya Kaisari Konstantio wa Pili ya yapata mwaka 356 kwa Ezana na ndugu yake, aliyoihifadhi Athanasio, juu ya Askofu Frumentio. Kwa kuyapanga haya pamoja, mwanahistoria anaona hatua kwa hatua mfalme wa Kiafrika akimwendea Kristo, zaidi ya miaka elfu moja na mia tano kabla ya mmisionari wa kwanza wa Kilutheri kukanyaga ardhi yetu.

(e) Udongo na chokaa. Mwanaakiolojia huchimba chini ya msingi na kuangalia vyungu, sarafu na makaa vilivyomo katika kila tabaka. Makaa yaliyomo ndani ya chokaa ya ujenzi yaweza kupimwa kwa kaboni 14, maana mti uliounguzwa ulikuwa kiumbe hai. Kwa njia hiyo jengo hupata umri wake lenyewe, mbali na umri wa maandishi yaliyomo.

4. Hatari ya kuamini upesi

Msikiti wa Kizimkazi unatufundisha pia tahadhari. Mbali na maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yamo mengine ya mwaka 1184, ambao ulianza mwezi wa Aprili 1770. Hayo yanahusu ukarabati mkubwa, na sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni ya karne hiyo ya 18. Basi mtu aingiaye na kusoma "500" akatoka akisema kwamba kuta zote ni za mwaka 1107, amekosea. Na mtu asomaye "1184" akasema kwamba Uislamu wa Kizimkazi ni wa juzi, amekosea zaidi. Nyumba ya ibada ni kama familia. Babu na mjukuu hukaa chini ya paa moja, wala umri wa mmoja si umri wa mwingine.

Jirani zetu wa Kondoa wana somo kama hilo bila herufi. Michoro ya miambani ya Kolo, kusini mwa Babati, iliandikishwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Haina tarehe iliyoandikwa. Hata hivyo, pale michoro myeupe ilipopakwa juu ya myekundu, tunajua kwa hakika ipi ilitangulia, ingawa hatujui miaka mingapi imepita kati yake. Kujua mpangilio pasipo kujua hesabu nako ni ujuzi, wala si vema kuuficha upungufu huo kwa tarehe ya kubuni.

5. Namna maandishi yanavyoharibika

Maadui wa maandishi ni wa namna tatu.

Kwanza ni hali ya nchi. Maji huingia katika jiwe, huyeyusha chumvi, kisha yanapokauka chumvi hiyo huganda na kubandua uso wa jiwe kidogo kidogo. Mizizi hupasua kuta. Bahari hula ufuko. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya mahali palipo hatarini mwaka 2004, na hayakuondolewa humo hadi mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya kuyaimarisha. Sisi wa Hanang hatuhitaji kuhubiriwa juu ya nguvu za maji. Tarehe 3 Desemba 2023 tope kutoka mlimani lilifukia nyumba katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mahali ambapo mtu hupotea kwa dakika chache, kitabu na jiwe havina dhamana.

Pili ni uadui na tamaa. Mwaka 1868 mmisionari F. A. Klein alionyeshwa huko Moabu jiwe la mfalme Mesha, yule anayetajwa katika 2 Wafalme 3:4. Mataifa yakaanza kuligombania, na mwaka uliofuata wenyeji wakalivunja. Maandishi yake yameweza kusomwa kwa sehemu kubwa kwa sababu, kabla ya kuvunjwa, karatasi mbichi ilikuwa imekandamizwa juu yake ikachukua umbo la herufi. Karatasi ile dhaifu ilikuwa na maisha marefu kuliko jiwe.

Tatu, na hili ndilo la kutuhuzunisha, ni upendo usio na maarifa. Mtu hupaka rangi ya mafuta ili jiwe lipendeze, husugua kwa brashi ya waya ili liwe safi, huziba ufa kwa saruji ili liwe imara. Lakini saruji ni ngumu kuliko chokaa na matumbawe, nayo huzuia unyevu usitoke. Maji yaliyofungiwa ndani hutafuta njia kupitia jiwe laini, na jiwe ndilo linalovunjika. Ndiyo maana wahifadhi wa Pwani hutumia chokaa katika kuta zilizojengwa kwa chokaa. Fundi wetu wa 1958 alikuwa mtu wa upendo wa aina hiyo, nasi tuliomshikia ngazi vivyo hivyo.

6. Sheria inalinda nini?

Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Zanzibar ina sheria yake. Sheria ya Bara inalinda majengo na vitu vya kale vilivyofanywa kabla ya mwaka 1863. Mwaka huo tuuangalie vizuri. Wamisionari Wakatoliki wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Wamisionari wa Kilutheri walianza kazi Dar es Salaam mwaka 1887, na wale wa Leipzig wakafika Moshi mwaka 1893. Maana yake ni kwamba karibu kila jiwe la msingi, kila kengele na kila msalaba wa kaburi wa Kanisa letu upo nje ya ulinzi ule wa jumla, isipokuwa Serikali itangaze ulinzi maalumu kwa mahali hapo. Msikiti wa kale wa Pwani una sheria ya kuutetea. Kanisa la kijijini lina baraza la wazee tu.

Hapo pia tusiwasahau majirani zetu. Wabarbaig wa nyanda za Hanang huwajengea wazee wao wa heshima makaburi ya vilima vya udongo, nayo ni mahali pa kukumbuka na kuomba. Mashamba makubwa ya ngano ya Serikali yalipofunguliwa kuanzia miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, Wabarbaig walilalamika kwamba makaburi hayo yalilimwa kwa trekta. Kilima kile hakikuwa na herufi, na kwa sababu hiyo aliyekuja na jembe la chuma aliona udongo tu. Tukidai mawe yetu yaheshimiwe, haitupasi kunyamaza juu ya udongo wa jirani.

7. Mashauri kwa watumishi wa sharika

Kutokana na hayo yote, natoa mashauri machache ambayo hayahitaji fedha nyingi.

(i) Kila usharika uandike orodha ya maandishi yake yote: mawe ya msingi, kengele, vyombo vya Meza ya Bwana, misalaba ya makaburi. Yaandikwe kama yalivyo, pamoja na makosa yake. Herufi isiyosomeka iachwe wazi kwa nukta, wala isijazwe kwa kubahatisha.

(ii) Picha zipigwe asubuhi au jioni, jua linapoangaza kutoka ubavuni, maana ndipo vivuli huonyesha michongo iliyofifia. Simu ya mkononi ya siku hizi yatosha. Mahali pasipofikiwa na jua, tochi ishikwe kando ya jiwe, isimulike usoni pake.

(iii) Asiwepo mtu wa kusugua kwa waya, kutia asidi, kupaka rangi au kuziba kwa saruji. Vumbi liondolewe kwa brashi laini. Kwanza litengenezwe paa na mfereji wa maji, kwa sababu mara nyingi ugonjwa wa jiwe unatoka juu yake.

(iv) Tarehe isitangazwe mpaka ilinganishwe na kitabu cha ubatizo, kumbukumbu za vikao na ushuhuda wa wazee. Na wazee waulizwe kabla ya sikukuu, si baada yake.

(v) Nakala ya orodha na picha iwekwe mahali pawili palipo mbali, kwa mfano usharikani na katika ofisi ya Dayosisi. Jiwe la Mesha linatufundisha sababu yake.

(vi) Kikionekana kitu cha kale wakati wa kuchimba msingi, kazi isimame na Idara ya Mambo ya Kale ipewe habari. Kitu kikiondolewa mahali pake bila kuandikwa kilikuwa wapi, nusu ya ushuhuda wake imepotea.

8. Hitimisho

Ayubu katika mateso yake alitamani maneno yake yachongwe katika mwamba (Ayu. 19:23-24). Yoshua alisimamisha mawe kumi na mawili Gilgali ili watoto wapate kuuliza (Yos. 4:20-24). Lakini tuangalie kwamba pale Gilgali mawe peke yake hayakutosha. Mtoto aliuliza, na baba alipaswa kujibu, tena kujibu kweli. Jiwe huhifadhi swali, na jumuiya huhifadhi jibu.

Katika Katekisimo tunafundisha Amri ya Nane, kwamba tusimshuhudie jirani uongo. Kwa kawaida tunaifikiria midomo. Mimi nimejifunza kwamba hata brashi ya rangi yaweza kuivunja amri hiyo, na kwamba waliotutangulia katika imani nao ni jirani zetu. Usharika ule ulikubali kuiondoa rangi nyeusi kwa uangalifu. Tarakimu ya mwisho bado haisomeki, wala hatukuijaza. Kando ya mlango tumeweka kibao kidogo kinachoeleza kwamba kanisa lilikuwa likitumika mwaka 1955, kwa ushahidi wa kitabu cha ubatizo, na kwamba twadhani jiwe lasema 1953. Bibi yule alikisomewa na mjukuu wake. Akaitikia kwa kichwa, kisha akaingia ibadani.